Aliyetandika Chumba Namba Sita

Nyie mnaoanza kazi ya mapokezi mwaka huu, na nyie mnaolala gesti kwa ajili ya usaili, mitihani na safari za treni, nawaandikia wote kwa pamoja. Mimi ni Leokadia. Nilikaa nyuma ya kaunta moja ya gesti pale Majengo, Mpanda, miaka ishirini na sita, na wageni waliniita dada Leo mpaka mvi zikanitoka wakaendelea kuniita dada Leo. Sasa niko Kasokola nalima mahindi. Mahindi hayalalamiki kwamba maji ya kuoga ni ya baridi, kwa hiyo nina muda wa kuandika.

Nianze na kosa nililolifanya mara nyingi kuliko yote. Mgeni anakuja kaunta, macho yamemtoka, anasema ameibiwa. Mimi nilikuwa namjibu, "Una uhakika? Umetafuta chini ya kitanda?" Msimjibu hivyo. Mpe pole. Mwambie asiguse kitu zaidi. Funga chumba mbele ya macho yake, mwite msimamizi, andika saa, kisha muulize vitu gani havipo, kimoja kimoja, na alama zake. Koti lilikuwa na kifungo gani? Simu ina namba gani ya utambulisho, ile inayotokea ukibonyeza nyota, reli, sifuri sita, reli? Na nyie wageni, hiyo namba iandikeni leo mahali pengine, maana simu ikishaibwa hutaibonyeza tena.

Aliyenifundisha kazi ni Bibi Fausta. Alikuwa mama mwembamba, mkali, asiyependa kelele za ndala. Kitabu cha wageni alikitunza kuliko sahani zake: jina, kabila, utokako, uendako, kazi yako, sahihi. Mgeni akisema "andika tu biashara," Bibi Fausta alimuuliza, "Biashara ya nini, baba? Mchele au maneno?" Kitabu kile, nilikuja kujua baadaye, polisi hukiomba kabla hata hawajaomba maji ya kunywa.

Kitu cha pili alichonifundisha ni kutandika. Pembe ya shuka ya juu aliikunja ikawa kama sambusa, na mto aliusimamisha ukiangalia ukuta. Hakuna gesti nyingine mjini iliyotandika vile. Alisema mgeni akikuta hivyo anajua hakuna aliyekaa pale kabla yake. Wanafunzi wake tulikuwa wawili tu, mimi na Nyamizi, mhudumu wa vyumba, mama wa watoto wawili, mtu wa kucheka kwa sauti. Bibi Fausta alipougua tulimuuguza kwa zamu, na alipofariki tulimzika huku huku Kasokola. Kutoka shambani kwangu naliona kaburi lake.

Baada ya mazishi hatukutandika vile tena. Hatukupanga, desturi iliisha tu yenyewe. Mimi nilikuwa nikishika pembe ya shuka najisikia vibaya, na nadhani Nyamizi alikuwa hivyo hivyo.

Ilipita kama miezi mitatu, chumba namba sita kikaanza.

Kwanza ni mfanyabiashara wa mchele kutoka Mpimbwe. Alitoka asubuhi akakiacha kitanda kimevurugika, mlango kaufunga, ufunguo kaenda nao. Aliporudi mchana koti lake jipya halikuwepo. Mlango mzima, nondo za dirisha nzima. Na kitanda kimetandikwa, pembe imekunjwa sambusa, mto umesimama ukiangalia ukuta.

Nilipokiona kitanda kile nilikaa kwenye kizingiti. Nyamizi alisimama nyuma yangu na ndoo ya maji. Sikugeuka kumwangalia usoni.

Hamjakaa gesti saa nane mchana, nyie. Mnadhani cha kutisha ni usiku. Usiku kuna watu, kuna mtu anakohoa, kuna mtu anaongea na mkewe kwenye simu. Saa nane mchana wageni wote wameenda kwenye shughuli zao, korido ni ndefu, bati linalia kwa jua, na wewe uko peke yako na milango kumi na miwili iliyofungwa. Nilianza kusikia kitu. Kilikuwa kinajiburuta taratibu juu ya silingbodi, kinasimama, kinajiburuta tena. Nilijiambia ni popo. Kisha nikawa nasikia kama mtu anaongea, sauti ya chini sana, maneno hayashikiki. Nilipofungua mlango wa namba sita sauti ikakata. Niliongeza rozari mfukoni na sikumwambia mtu.

Mara ya pili ilikuwa redio ya mwalimu mmoja. Mara ya tatu viatu na saa ya kijana wa madini. Kila mara mlango mzima, kila mara kitanda cha Bibi Fausta. Hapo mtaa ulishapata jibu: chuma ulete, ule uchawi unaosemwa unachota mali ya mtu bila kugusa kufuli. Gesti yetu upande wa mbele ilikuwa na fremu za maduka, zote chini ya paa moja na vyumba. Katika fremu ya tatu alikuwepo fundi redio, mpole, wa kwanza kuja kutoa pole kila tukio likitokea. "Dada Leo, hii siyo ya polisi," aliniambia. "Polisi watamfunga pingu nani, upepo?" Tukaona ana busara. Wageni wote watatu wakaondoka bila kwenda kituoni. Mmoja tulimwonyesha lile tangazo letu ukutani, *Uongozi hautahusika na upotevu wa mali yako*, akalisoma mara mbili akabeba begi lake.

Kuhusu tangazo hilo, nisije nikasahau. Lipo kila gesti, na tunalipenda kwa sababu linatusaidia kunyamazisha watu. Lakini ile ni karatasi, siyo hukumu. Ikiwa mlango wako ni mbovu na ulijua, ikiwa wageni watatu wameibiwa chumba kimoja na wa nne ukampa chumba hicho hicho bila kumwambia, mgeni anaweza kukuandikia barua ya madai, na ukimpuuza anaweza kwenda Mahakama ya Mwanzo kukudai. Kama atashinda, hilo ni la hakimu na ushahidi, kila kesi ina mambo yake. Ila asidanganywe kwamba safari imeishia ukutani. Na wewe mgeni ukiwa na kitu cha thamani kikabidhi kaunta, kiandikwe, upewe karatasi yenye sahihi. Kilichoandikwa mapokezi hakuna atakayekuambia hakukijua.

Mgeni wa nne ndiye aliyegeuza mambo. Aliitwa Spesiosa, mama wa makamo kutoka Mishamo. Wazazi wake walikuja kutoka Burundi kama wakimbizi, yeye akazaliwa huku, na baada ya miaka mingi ya kusubiri akapewa uraia. Alikuja mjini na basi la asubuhi kufuatilia karatasi za mwanae aliyepata nafasi chuoni. Nilimpa namba sita kwa sababu vingine vilijaa. Ndivyo nilivyojitetea moyoni. Ukweli, namba saba ilikuwa wazi, ila ina feni nzuri na nilikuwa naitunzia wateja wetu wa siku zote.

Alijilaza kidogo, kisha akatoka kwenda kuulizia ofisi inafunguliwa saa ngapi baada ya chakula. Hakuwa mtu wa kuamini vitu ovyo: alifunga kwa ufunguo wetu, akaongeza na kufuli lake mwenyewe. Bahasha ya khaki aliiacha ndani ya begi, maana aliogopa vibaka wa sokoni. Saa nane na dakika kumi alirudi, akafungua kufuli lake, na nikasikia akisema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nani amekitandika kitanda changu?"

Nilikimbia. Kitanda kilikuwa kimetandikwa vile vile. Begi liko wazi, kitenge kipo, chupa ya chai ipo. Bahasha ya khaki haipo. Ndani yake kulikuwa na cheti chake cha uraia na karatasi zote za mtoto.

Sijawahi kumwona mtu mzima akikaa chini vile. Alikaa sakafuni, miguu kainyoosha mbele. "Dada," akaniambia, "ile karatasi baba yangu aliingoja mpaka akafa."

Tajiri wetu, mwenye gesti, alifika na fundi redio nyuma yake. Tajiri akasema tayari ameshampigia mtaalamu mmoja, atakuja kesho asubuhi na kioo chake, mwizi ataonekana. Spesiosa akainuka, akajifuta vumbi.

"Mimi sitaki mganga, mzee. Nataka RB."

"Mama, RB itakusaidia nini na chuma ulete?"

"Nikienda ofisi ya uraia kuomba nakala nyingine, wataniuliza namba ya taarifa ya polisi. Hawataniuliza kioo kimesema nini. Dada, unanisindikiza au niende peke yangu?"

Nilimsindikiza. Hapo mkumbuke: siku hiyo hiyo, siyo baada ya wiki. Unaeleza kilichopotea, wanafungua taarifa, unapewa namba, na namba hiyo ndiyo utakayoishika kwa nyaraka mpya, kwa kufungia laini ya simu, kwa kila ofisi utakayobisha hodi. Kumkamata mwizi na kumshtaki ni kazi ya serikali, wewe unakuwa shahidi. Kudai fidia kwa mwenye hoteli ni njia nyingine, yako mwenyewe. Msizichanganye, na wala moja haimzuii mtu kufuata nyingine. Kama hujui pa kuanzia, wapo wasaidizi wa kisheria wanaosaidia bila malipo, uliza ofisi ya kata.

Sasa nafika mahali ambapo ningependa kuruka.

Aliyetupokea kituoni alikuwa sajenti mwanamke, mfupi, mwenye kikohozi kisichoisha. Akachukua maelezo ya Spesiosa, kisha yangu. Akaniuliza juu ya kitanda. Nikamweleza vile kilivyotandikwa. Akauliza, "Nani anatandika hivyo?"

Niliogopa. Zamu ya kaunta mchana ilikuwa yangu, peke yangu, mara zote nne. Nilikuwa nimebakiza mwaka mmoja na nusu niache kazi. Niliona jinsi kidole kinavyoweza kunigeukia, nikasema, "Utandikaji huo anaujua Nyamizi peke yake." Akaandika. Akanisomea. Nikaweka sahihi, na mwandiko wangu ulikuwa mzuri kabisa, haukutetemeka.

Asubuhi mtaalamu akaja na beseni la maji na kioo. Tajiri akatukusanya uani. Watu wa mtaa walishajaa getini, maana fundi redio alikuwa amewaambia wateja wake wote. Mtaalamu akaangalia maji kwa muda mrefu, kisha akasema kwamba yupo mwanamke humu ndani anayemtuma marehemu, na marehemu kabla ya kuondoka humtandikia kitanda. Hakutaja jina. Hakukuwa na haja. Nyamizi alikuwa anaanika mashuka kwenye kamba, na watu wote wakageuka kumtazama.

Nyie mnajua kwetu huku neno hilo linamfanya nini mwanamke. Sheria inasema kumtaja mtu kuwa mchawi ni kosa lenyewe, ila sheria haikuwepo getini. Mtu mmoja akasema, "Huyo leo asilale mtaa huu." Mwingine akaokota jiwe, akawa analichezea tu mkononi. Nyamizi aliniangalia mimi. Alinitazama kama mtu anayengoja mwenzake aseme kitu, na mimi nikawa naangalia beseni.

Sajenti alifika na askari wawili, amekuja kukagua chumba. Alipoona hali ile akamchukua Nyamizi, akampandisha garini. Watu wakapiga makofi. Getini akaniambia kwa sauti ya chini, "Nimemchukua kwa mambo mawili. Hawa watu, na maelezo yako."

Nilirudi kaunta nikakaa. Korido ikanyamaza. Juu ya silingbodi kile kitu kikajiburuta, kikasimama, kikajiburuta tena, na mara hii sikuweza kujiambia ni popo. Nikaanza kuongea peke yangu. Nikasema, "Bibi Fausta, kama ni wewe, basi acha." Kikanyamaza pale pale. Nilitoka bila kufunga droo, nikaenda kwa miguu mpaka kituoni.

"Afande," nikamwambia sajenti, "nataka kufuta maelezo yangu."

"Maelezo hayafutwi, mama. Yanaongezwa."

"Basi ongeza. Sambusa ile tunaijua wawili. Na mimi ninaijua. Na zamu ilikuwa yangu."

Alinitazama mpaka kikohozi chake kikaisha. "Ulimwona Nyamizi akitandika?"

"Hapana."

"Ulimwona akiingia chumba kile?"

"Hapana, afande. Niliogopa tu."

Akaandika yote, nami nikaweka sahihi. Kisha akachukua kofia. "Kama mnaijua wawili, kitanda hakinionyeshi mtu. Twende nikaone chumba."

Tulikuwa watatu namba sita: yeye, Spesiosa, na mimi. Sajenti akavua viatu, akalala chali kitandani, mikono kifuani kama maiti. Akasema, "Nyamazeni."

Tulinyamaza. Jua lilikuwa linapiga bati. Baada ya muda ile sauti ya chini ikaanza, ya mtu anayeongea maneno yasiyoshikika. Spesiosa akanishika mkono na kucha zikaniingia. Sajenti hakusogea.

"Redio hiyo iko wapi?" akauliza.

Miezi yote ile sikuwahi kujiuliza hivyo. Ilikuwa redio. Ilikuwa inatoka juu, si dirishani. Sajenti akasimama juu ya kitanda, akachukua mti wa kudekia, akasukuma ubao wa dari ulio sawa na mto. Ubao haukuwa na msumari hata mmoja. Ulinyanyuka, vumbi likatumwagikia, redio ikasikika wazi kama iko chumbani, na bahasha ya khaki ikaangukia kitandani.

Kuta za jengo lile hazikufika kwenye bati. Kutoka fremu ya tatu, redio ilikokuwa inalia, mtu aliweza kutambaa juu ya vyumba vyote, na kwenye kenchi, zile mbao zinazobeba bati, juu ya namba sita ilikutwa kamba imefungwa. Fundi redio alikutwa dukani kwake anakunywa chai. Koti lilipatikana, saa ilipatikana, viatu alikuwa amevivaa. Karatasi za Spesiosa alizitupa juu ya dari kwa sababu hazikuwa na soko.

Mahakamani alikiri yote, akafungwa, akaamriwa kulipa fidia. Spesiosa alimwandikia tajiri barua ya madai ya nauli na siku alizopoteza, na tajiri, alipoambiwa na karani mmoja kwamba wageni watatu wa nyuma wanaweza kuitwa mashahidi, akakubali kuyamaliza kwa maandishi. Dari zikapigwa misumari. Tangazo likabaki ukutani.

Ila jambo moja lilinibakia. Fundi alipoulizwa kwa nini alikuwa anatandika kitanda, alishangaa waziwazi. "Mimi?" akasema. "Nilikuwa naruka, nachukua, napanda. Nilikuwa nasikia watu wanasema kitanda kimetandikwa, nikadhani mnaongeza chumvi. Kutandika sijawahi." Hakimu akaandika, akaendelea. Kwa nini mtu aliyekiri wizi wote akatae kutandika?

Nyamizi hakurudi kazini. Alihamia kwa dada yake na kwa miaka hatukuonana. Mwaka jana, baada ya mavuno, nilimwona anakuja kwa njia ya shambani kwangu, amebeba kuku. Tukala, tukaongea habari za watoto, akalala kwangu. Asubuhi nilipoingia chumba chake kitanda kilikuwa kimetandikwa tambarare, bila pembe, mto umelala. Nikakaa kitandani nikamwomba msamaha kwa ile sentensi ya kituoni, yote, nikilia. Alinisikiliza mpaka mwisho.

Nikamwuliza kitu nilichokiweka miaka yote. "Nyamizi, niambie tu ukweli, sitakasirika. Ulikuwa unaingia kutandika kwa kumkumbuka bibi?"

Aliacha kufunga kilemba.

"Dada Leo," akasema, "na kufuli la yule mama ningelipitaje? Mimi siku zote nilijua ni wewe, ila ulilipitaje sikujua."

"Mimi?"

"Afande aliniuliza siku ile kule kituoni, kama si mimi niliyetandika ni nani. Nikamwambia sijui. Sikukuona, dada. Ningesemaje kitu ambacho sikukiona?"